Waliopita Langoni

Ukipanda matatu ya Thika Road, kuna steji moja ambayo kondakta akiitaja lazima mtu acheke. "Mathari! Wa Mathari wasonge mlangoni!" Abiria akisimama kushuka, utasikia sauti kutoka viti vya nyuma: "Salimia watu wa kwenu!" Gari zima linacheka. Anayeshuka naye anacheka, maana afanye nini? Hakuna Mnairobi ambaye hajawahi kuambiwa na rafiki kwamba anafaa kupelekwa Mathari.

Mimi nimecheka kwenye matatu hizo miaka mingi. Nilicheka hata ule mwaka ambao mjomba wangu alikuwa amelazwa, ingawa si hapo, na nilicheka kwa sauti kuliko wengine ili asitokee wa kunishuku. Sasa ninasomea shahada ya uzamili katika saikolojia ya kimatibabu, na mzaha ule umeniishia mdomoni.

Darasani kwetu wengi wamechagua kufanya utafiti kuhusu skizofrenia au baipola. Kwa ufupi, skizofrenia ni ule ugonjwa ambao mtu husikia sauti zisizokuwapo, huamini mambo ambayo hakuna ushahidi unaoweza kumtoa kwayo, mawazo yake hukatikakatika, na mara nyingi hamu yake ya kuishi na watu hufifia. Baipola huenda kwa vipindi. Kuna kipindi cha kupanda, mtu halali, anaongea bila breki, anatumia pesa kama maji. Halafu kuna kipindi cha kushuka, ambapo hata kunyanyuka kitandani ni safari. Ukiwauliza wanadarasa kwa nini wamechagua mada hizi, watakupa jibu la kwenye pendekezo la utafiti: kuna pengo katika maarifa. Ukikaa nao kibandani jioni, chai na mandazi mezani, utapata jibu lingine. Dada. Baba. Rafiki wa bweni aliyeacha shule kidato cha tatu.

Muhula wa kwanza mhadhiri mmoja alitupa makala ya mwaka 1947, iliyoandikwa na daktari aliyekuwa akisimamia Mathari. Akasema, "Someni, kisha mniambie kosa liko wapi." Tulirudi tumewaka. Tukasema kosa ni ubaguzi wa rangi. Akatikisa kichwa. "Hilo kila mtu analiona. Kuna kosa la pili, na hilo mnaweza kulirudia ninyi wenyewe mwaka ujao, na nia zenu nzuri mkiwa nazo."

Hii ni hadithi ya hilo kosa la pili.

Tuanze na lango lenyewe. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi, mahali palipokuwa pametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Iliitwa Nairobi Lunatic Asylum. Mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Ndani, wagonjwa waligawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao.

Swali ambalo hatuulizi sana ni hili: nani aliletwa? Enzi hizo Mwafrika hakuamka asubuhi akasema, nahisi vibaya moyoni, ngoja nitembelee Mathari. Njia ya kuingilia ilipitia kwa polisi, kwa hakimu au kwa mwajiri. Aliyeletwa ni aliyepiga mtu, aliyechoma nyumba, aliyezurura uchi mjini, aliyemtolea bwana maneno mbele ya wageni. Mama aliyekaa kibandani kwake miezi minane bila kusema, bila kulima, bila kula vizuri, hakuna askari aliyetumwa kwake. Hakuwa amevunja kitu.

Wakati huohuo majina ya magonjwa yenyewe yalikuwa yanachongwa mbali. Mwaka 1899, Mjerumani Emil Kraepelin, katika toleo la sita la kitabu chake cha kufundishia, alitenganisha magonjwa makubwa ya akili katika mafungu mawili. La kwanza aliliita dementia praecox, akili kuharibika mapema. La pili likawa la watu wanaopanda na kushuka, ambalo leo tunalijua kama baipola. Mwaka 1908 Mswisi Eugen Bleuler akalibadilisha lile la kwanza jina, akaliita skizofrenia. Mafungu hayo mawili ndiyo bado yanatawala hojaji zetu.

Kraepelin alitaka kujua kama mgawanyo wake ungesimama nje ya Ulaya, basi mwaka 1904 akasafiri hadi kisiwa cha Java, akawachunguza wagonjwa wa hospitali ya Buitenzorg. Akaandika kwamba skizofrenia ipo kule, lakini huzuni ile nzito aliyoizoea kwao ni nadra. Aliwatazama waliokuwa ndani ya hospitali. Waliokuwa nje hakuwaona.

Turudi Nairobi. Miaka ya 1930, daktari mmoja wa Mathari, H. L. Gordon, alikuwa mfuasi wa ile imani kwamba watu wanaweza kuboreshwa kwa kuchagua nani azae na nani asizae, kama ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1933 yeye na wenzake walianzisha chama cha kuchunguza suala hilo Kenya. Daktari mwingine, F. W. Vint wa maabara ya serikali, alipima ubongo wa Waafrika 100, akachapisha matokeo mwaka 1934, akisema ni mwepesi kuliko wa Mzungu. Walowezi walifurahi. Kama ubongo ni mdogo, shule za nini? Watu hao 100 walikuwa maiti. Hawakuweza kuulizwa lolote.

Ndipo akaja mwandishi wa makala yetu. John Colin Carothers alizaliwa Afrika Kusini, akafika Kenya mwaka 1929 kama daktari wa kawaida wa serikali. Mwaka 1938 akakabidhiwa Mathari bila kuwa amesomea magonjwa ya akili. Diploma ya fani hiyo aliipata baadaye, vita vilipokwisha. Hakuwa mtu wa kelele kama Gordon. Alikuwa mpole, mwenye bidii, mpenda takwimu. Hilo ndilo linalotisha ukimsoma.

Carothers alipitia rekodi za Waafrika waliolazwa kuanzia 1939 hadi 1943. Akaona wenda wazimu ni wachache mno ukilinganisha na watu weusi wa Marekani. Akaona skizofrenia ndiyo inayoongoza, hasa kwa waliokuwa wameacha kijiji wakaenda kufanya kazi mbali. Na huzuni kali, ile ya kujilaumu na kutamani kufa, akaona karibu haipo. Kisha akatafuta sababu. Akasema Mwafrika habebi mzigo wa maamuzi yake, mila humfikiria, kwa hiyo hajilaumu, na asiyejilaumu hawezi kuzama katika huzuni.

Angeishia hapo tungemsahau. Hakuishia hapo. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani, hilo hilo tunalolijua leo, lilimchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilichapisha ripoti yake iliyoitwa The Psychology of Mau Mau. Ndani yake, watu waliodai ardhi yao wakageuka kuwa watu waliochanganyikiwa kwa kuingia usasa haraka, na yeye akaunga mkono wazo la kuwakusanya wanakijiji pamoja. Kati ya 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu wakaingizwa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio na mitaro. Shosho wangu alikuwa msichana mdogo Murang'a wakati huo. Hajawahi kusoma ripoti yoyote, lakini mtaro anaukumbuka. Anasema ulikuwa na vijiti vilivyochongwa.

Sasa kosa la pili liko wapi?

Liko langoni. Carothers aliwahesabu waliopita langoni, akaandika kuhusu wote waliobaki nje. Hospitali ililetewa wavunja amani, yeye akahitimisha kwamba Waafrika wakiugua akili huvunja amani. Haikuletewa wanyamavu, akahitimisha kwamba hakuna wanyamavu. Ukiondoa ubaguzi wake wote, ukampa moyo wa malaika, bado jibu lingetoka lilelile, kwa sababu swali lilikwisha jibiwa na askari kabla daktari hajafungua faili. Polisi hawakamati huzuni. Ni hayo tu.

Mhadhiri wetu alikuwa sahihi. Hilo ni kosa ambalo mtu mweusi, mwenye nia njema, mwenye jamaa mgonjwa, anaweza kulirudia bila kujua.

Kumbe kulikuwa na watu waliolishtukia mapema. Mwaka 1960 alichapisha kitabu Margaret Field, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa mila Ghana kabla ya kusomea udaktari. Yeye hakukaa hospitalini. Alikwenda vijijini akaketi kwenye vituo vya matambiko, kule ambako watu walikwenda wenyewe na shida zao. Alichokuta kingemfanya Carothers achane karatasi zake. Alikuta wanawake wengi waliokuwa wamezama katika huzuni kubwa, wakijilaumu usiku na mchana, wakisema wao ni wachawi, wao ndio waliowaua watoto wao. Kujilaumu kule, ambako Mwafrika alisemekana hana, kulikuwa kumejaa tele. Kulipita lango lingine tu.

Nigeria nako, Thomas Adeoye Lambo, aliyesomea udaktari Uingereza, alianza kazi Aro, Abeokuta, mwaka 1954, akaamua kubadilisha lango lenyewe. Wagonjwa walikaa katika nyumba za vijiji vya karibu, kila mmoja na jamaa yake, wakija hospitalini kwa matibabu mchana. Mtu akaweza kutibiwa bila kufungwa. Naye Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimtaja Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwisho, mwaka 1961, akaonyesha jinsi sayansi ya aina hiyo ilivyokuwa ikiwapangia wakoloni maneno.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, daktari Raymond Prince alipitia maandishi yaliyokuwapo akaona jambo la kuchekesha. Kabla ya uhuru, karibu kila ripoti ilisema huzuni ni nadra Afrika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, nchi zikianza kujitawala, ripoti zikageuka: huzuni ipo, na ni nyingi. Akauliza: ugonjwa ndio umebadilika, au ni macho ya madaktari? Si rahisi bara zima liamke siku moja na huzuni ambayo jana halikuwa nayo.

Shirika la Afya Duniani nalo lilijirekebisha. Lilianzisha utafiti mkubwa wa majaribio kuhusu skizofrenia katika vituo tisa, Ibadan ikiwa ya Afrika, pamoja na Agra, Cali, London, Moscow na kwingineko. Watu 1,202 walihojiwa kwa maswali yaleyale yaliyotafsiriwa. Ripoti ya kwanza ilitoka 1973. Baada ya miaka miwili ya kufuatiliwa, wagonjwa wa Ibadan na Agra kwa wastani walikuwa na nafuu kuliko wa London na Aarhus. Matokeo hayo yamejadiliwa mpaka leo, na sehemu ya mjadala unaijua tayari: ni nani hasa aliyefika hospitali ya Ibadan, na ni nani aliyepotea kabla ya kufuatiliwa? Lango tena.

Na Wakenya je? Kwa muda mrefu aliyetaka kuwa mtaalamu wa akili alipanda ndege. David Ndetei, jina ambalo hutamaliza muhula mmoja wa saikolojia Kenya bila kukutana nalo, ni mmoja wa waliopitia London. Mwaka 1979 yeye na Joseph Muhangi walichapisha utafiti ambao mimi huurudia kila ninapokata tamaa. Hawakwenda Mathari. Walikwenda kwenye kliniki ya kawaida ya mashambani, kule mtu anakoenda akiumwa kichwa au tumbo, wakawachunguza waliopanga foleni. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo la akili. Alikuja na mgongo, na nyuma ya mgongo kulikuwa na mambo mengine. Walisimama kwenye lango tofauti, wakaona nchi tofauti.

Baadaye mafunzo yakaanza kutolewa hapa hapa, Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha madaktari wa akili, kisha wanasaikolojia wa kimatibabu. Mwaka 2008 Ndetei na wenzake walichapisha matokeo ya kuwahoji karibu wagonjwa 700 waliokuwa wamelazwa Mathari, wote kwa chombo kimoja cha mahojiano. Skizofrenia na baipola zilikuwa miongoni mwa zilizoongoza. Safari hii, angalau, mgonjwa alikuwa ameulizwa.

Hapa lazima nimrudie mjomba.

Alianza kuugua nikiwa darasa la sita. Aliuza ng'ombe wawili wa shosho usiku mmoja, akanunua simu kumi na moja, akawa anawapigia wabunge. Hakulala siku nne. Alisema ameonyeshwa mpango wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mpaka Murang'a kwa bomba la plastiki. Kwa kweli mpango wenyewe alikuwa ameuchora vizuri. Siku ya tano alimpiga jirani, wakaja askari wa utawala, akafungwa kamba, akapelekwa hospitali ambayo sitaitaja. Kwenye faili wakaandika skizofrenia. Akapewa dawa, akarudi amenyamaza.

Akabaki amenyamaza. Alikaa upande wa nyuma wa nyumba akitazama migomba. Hakuoga mpaka aambiwe. Watu walipopita kumjulia hali, shosho alijibu kwa furaha, "Amepoa siku hizi." Mamangu akipigiwa simu Nairobi aliambiwa vivyo hivyo: "Yuko poa." Sisi tukashukuru Mungu. Mwaka uliofuata akapanda tena, akapelekwa tena, akaandikiwa tena, akarudi akapoa tena. Ikawa hivyo kwa miaka kumi. Hospitali ilimjua akiwa juu tu, kwa sababu ndipo alipoletwa. Akiwa chini hakuna aliyempeleka popote. Alikuwa poa.

Daktari mmoja kijana, zahanati tofauti kabisa, ndiye aliyeuliza: "Akitulia, anatuliaje?" Shosho akaeleza. Migomba, kutokula, kutozungumza, ile siku alipokutwa na kamba ghalani ikasemekana alikuwa anafunga ndama. Daktari akaweka kalamu chini. Akabadilisha jina la ugonjwa likawa baipola, na dawa zikabadilika nazo.

Sitaki kumlaumu daktari wa kwanza kupita kiasi. Baipola kuandikwa skizofrenia ni jambo linalotokea duniani kote, maana mtu aliyepanda sana anaweza kusikia sauti na kuamini makubwa sawa na mwenye skizofrenia. Kinachotofautisha mara nyingi ni mwendo wa miaka, na mwendo hauonekani kwa anayemwona mtu siku ya kamba tu. Lakini nilipoisoma ile makala ya 1947 nilimwona mjomba ndani yake. Nusu ya ugonjwa wake ilikuwa imepita langoni. Nusu nyingine ilikuwa imekaa nyumbani kwetu, tunaiita nafuu.

Kwa hiyo wanafunzi wa leo tunafanya nini tofauti? Kwanza, tunajaza fomu. Pendekezo linapita kamati ya maadili, unatafuta leseni ya NACOSTI, unaomba ruhusa ya hospitali, na kila ofisi ina mtu aliyetoka kidogo. Tunalalamika sana. Lakini nikimkumbuka Vint na mizani yake, najiambia, wacha nijaze.

Kisha inakuja kazi ya lugha. Vyombo vingi vya kupimia vimeandikwa kwa Kiingereza. Mmoja anatafsiri kwa Kiswahili, mwingine ambaye hajaona asili anarudisha kwa Kiingereza, tunalinganisha, tunagombana. Tulipojaribu tafsiri yetu mtaani kwa watu wazima wasio wagonjwa, tulimwuliza mama mmoja kama amewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Akasema, "Kila asubuhi, Roho Mtakatifu." Tukamwuliza mwendesha boda kama anahisi kuna watu wanamfuatilia. Akatuangalia kama sisi ndio wagonjwa. "Kanjo," akasema. Tukimwandikia kila mmoja wao alama, tutakuwa tumegundua kwamba nusu ya Nairobi ina skizofrenia. Na kumbuka, Carothers naye alikuwa na takwimu.

Kuna chombo maarufu kiitwacho PANSS, cha mwaka 1987, chenye vipengele 30. Kipengele kimoja hupima kama mtu anaweza kufikiri zaidi ya yale yanayoonekana, na njia mojawapo ni kumpa methali aieleze. Mara ya kwanza nilicheka. Ati tumeambiwa miaka yote kwamba Mwafrika hawezi fikra za namna hiyo, kumbe kipimo chenyewe ni methali! Mzee wa Lamu ataifasiri "haba na haba hujaza kibaba" mpaka ulale. Shida ni upande wa pili: kijana wa Umoja aliyekulia kwenye Sheng anaweza kukuangalia tu, hajui kibaba ni nini. Hajaugua. Hajawahi kuona kibaba. Na "kupoa"? Chombo gani cha Kiingereza kitakuambia kwamba neno moja la Kiswahili cha mtaani linaweza kumficha mtu miaka kumi?

Pia kuna kazi kubwa kuliko tasnifu zetu. Utafiti uitwao NeuroGAP-Psychosis uliwashirikisha watu wa Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Hapa kwetu ulifanyika Kilifi na Eldoret. Lengo lilikuwa takriban watu 17,000 wenye skizofrenia, baipola na magonjwa ya jamii hiyo, na wengine 17,000 wasio nayo, kila mmoja akitoa mate ili chembe zake za urithi zisomwe. Sababu ni rahisi: tafiti za urithi wa magonjwa haya zimetegemea mno watu wenye asili ya Ulaya. Hilo nalo ni lango, ila safari hii sisi ndio tuliokuwa nje.

Kinachonivutia zaidi kwenye mpango wa utafiti huo ni hatua ndogo kabla ya mate. Mtu alielezwa utafiti ni wa nini, kisha akaulizwa maswali mafupi kuona kama ameelewa, pamoja na kwamba anaweza kukataa. Asiyeelewa alielezwa tena, na ambaye bado hakuelewa hakuingizwa. Mgonjwa wa akili, akiulizwa kama anataka. Kutoka maiti 100 za mwaka 1934 hadi hapo ni safari ndefu, na haijaisha, maana mate pia husafiri mbali, na mwenye mate hubaki Kilifi.

Tasnifu yangu ni ndogo. Nahoji familia za watu waliogunduliwa kuwa na baipola, nikitafuta maneno wanayotumia kwa zile siku za kushuka. Siendi wodini. Naenda nyumbani, kwenye lango la mbao lenye waya, mbwa akibweka. Mpaka sasa nimekusanya "amepoa", "ametulia", "amejifungia", "ameokoka", "amekuwa mtu mzuri sana". Hilo la mwisho alilisema mke wa mtu, akatabasamu, kisha akanyamaza muda mrefu.

Kabla ya kuandika insha hii nilimpigia mjomba kuomba ruhusa. Yuko Murang'a, ana kuku, anameza dawa zake kwa chai ya saa mbili. Nilimwelezea ninachotaka kusema, pamoja na ng'ombe na ile kamba. Akasikiliza. Akasema ya ng'ombe niandike, lakini nisiseme walikuwa wawili, walikuwa watatu. Ya kamba akakaa nayo kimya, nikafikiri simu imekatika.

"Iandike," akasema. "Lakini wewe ukimaliza kuuliza watu hao wote, utarudi kutuambia ulichopata?"

Nikamwambia nitarudi.

"Hao wa kwanza hawakurudi," akasema, akaenda kulisha kuku.